Taarifa ya Kumi na Tisa

Leo wameandika tena.
Kama kawaida wameanza kwa kutushukuru
kwa uvumilivu wetu.

Uvumilivu gani? Mimi sikuwapa uvumilivu.
Niliwapa laki tatu na elfu arobaini:
nusu yangu, robo ya Chubwa,
robo ya mama mkwe, Bi Nzobonaliba wa Gungu,
aliyeuza madumu ya mawese
akauliza mara moja tu, "Kinafanya nini?"

Nikamwambia, mama, ni kidude
kikubwa kama kipande cha sabuni, ila kina sikio.
Husikia rimoti inavyonong'ona na geti,
kadi inavyojitambulisha mlangoni,
hukariri,
kisha hurudia kwa sauti ileile.
Akakaa kimya, anapangusa mikono.
"Kasuku," akasema. "Mnanunua kasuku wa wezi."
Lakini hela akatoa.

Hiyo ilikuwa Machi. Kidude kingefika Septemba.

Septemba ikaja habari: chipu zimeadimika duniani.
Desemba: kioo kinapauka juani.
(Wangetuuliza. Jua tunalo, tungewapimia bure.)
Pasaka: betri zimekataliwa kupanda ndege.
Kisha kalibu ya plastiki ikatoka na kasoro,
kitufe cha kulia kikibonyezwa kinazama, hakirudi.
Kisha rangi. Wiki sita wamebishana rangi,
weupe wa maziwa au weupe wa mfupa,
na mimi hapa Mwanga, nyuma ya duka la vitenge,
nafungua rimoti za watu kwa kisu cha mkate,
nasugua kutu ya betri kwa ndimu,
wateja wananiita fundi dada
na wananidai kesho.

Kesho, nawaambia.
Nimejifunza kuandika taarifa.

Chubwa alikuwa akipita kila Ijumaa.
"Kimefika?"
"Kiko njiani."
Na njia ya kwetu unaijua: mwisho wa reli.
Kitu kikishuka hapa
kimeshachoka tangu Tabora.
Halafu Ijumaa moja hakupita.
Alipata kazi bandarini, akaoa,
sasa ana binti mwenye meno mawili
na robo yake haiulizii tena.
Mimi ndiye ninayeikumbuka,
kama mtu aliyeachiwa mzigo wa msafiri
na msafiri ameshahama mji.

Mwezi wa kumi na nne posta wakanipigia.
Nilifunika meza kwa khanga, nikakimbia
kichomeo cha risasi bado cha moto.
Bahasha. Nyembamba.
Ndani yake stika tatu,
picha ya kidude kinatabasamu.

Moja iko kwenye boksi langu la vifaa.
Moja Chubwa kambandikia mwanawe mgongoni.
Ya tatu mama mkwe aliigandisha kwenye dumu la mawese
na wateja wake wanadhani ni alama ya ubora;
anauza zaidi, anasema, faida ameshaipata,
nisijisumbue.

Sijisumbui. Ila usiku, umeme ukikatika,
nashika simu gizani nasoma upya zote,
ya kwanza hadi ya kumi na nane,
na huwa nasikia watu wawili watatu
kwenye chumba cha mbali, wamevimba macho,
wanashika kitufe kinachozama,
wanaogopa kutuandikia.
Hapo hasira yangu hukosa pa kukaa.

Basi, ya leo.
Wanasema vidude vimekamilika. Vyote. Vimefungwa, vimesafirishwa,
na vimeshikwa forodhani,
nchi ambayo si yao wala si yetu,
kwa sababu ofisa ameuliza ni kitu gani
na jibu halikumridhisha.

Nikapanda Gungu kumsomea mama mkwe.
Alikuwa anakamua chikichi, viwiko vyekundu.
Akasikiliza mpaka mwisho, akahesabu miezi kwa vidole,
vidole vikaisha, akarudi mkono wa kwanza.
"Ishirini na tatu. Hata tembo angekuwa ameshazaa."
Akarudi kwenye sufuria.
"Na si mlisema kinafungua mageti?
Kiambie basi kijifungue."